Historia ya Vikope katika Nchi ya Ugogo

Mtu akitembea katika vijiji vya Ugogo, tangu Mpwapwa na Kongwa mpaka Mvumi na Manyoni, huenda akakutana na bibi mzee aliyefunga kibano kidogo cha chuma katika pindo la kanga yake. Kibano hicho si cha kutolea miiba. Ni cha kung'olea kope. Kope za bibi huyo zimepinduka zikaelekea ndani, na kila apepesapo jicho zinamkwaruza kama mchanga. Basi jioni, kabla jua halijatua, humwita mjukuu mwenye macho makali, akalaza kichwa chake mapajani pa mtoto, naye mtoto akazing'oa moja moja. Bibi hupata nafuu kwa muda. Kisha kope huota tena, fupi na ngumu kuliko za kwanza, na maumivu hurudi. Mwisho wake kioo cha jicho huwa cheupe kama maziwa, wala kibano hakifai kitu tena. Na yule mjukuu aliyekuwa aking'oa kope, sasa humshika bibi yake mkono ili amwongoze njia.

Tumezoea kusoma historia ya watemi, ya misafara, ya vita na ya njaa. Lakini maradhi nayo yana historia yake. Yana siku za kuenea na siku za kupungua. Huwashika watu wa rika hili yakawaacha wa rika lile. Na mwenye kuyafuata nyayo zake hujifunza jinsi watu walivyokaa, walivyolala, na walivyogawana maji. Ugonjwa wa vikope, ambao madaktari huuita trakoma, ni mmoja wa magonjwa hayo. Katika makala hii twataka kuonyesha jinsi ulivyobadilika huku kwetu katika kitambo cha miaka mia na zaidi, na kwamba haukurudi nyuma kwa nguvu ya dawa peke yake. Dawa ilifanya kazi kubwa, lakini njia ilitengenezwa na maji, tena maji machache, mikononi mwa mama.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Vikope huletwa na kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, ambacho wenye elimu hukiita klamidia. Hukaa katika ngozi nyororo ya ndani ya kope. Mtoto mdogo ndiye nyumba yake hasa. Macho ya mtoto huwa mekundu, hutoa machozi na tongo, na kamasi hushuka mpaka mdomoni. Inzi huja kunywa pale, akaruka akamtua mtoto wa pili. Au mama humfuta mtoto kwa pindo la kanga, kisha kwa pindo lile lile akajifuta yeye mwenyewe. Au watoto wanne hulala juu ya ngozi moja, uso kwa uso. Hivyo kijidudu husafiri bila kutoka nyumbani.

Mtoto akiambukizwa mara moja, hupona. Hata mara mbili au tatu, hupona. Lakini akiambukizwa tena na tena, mwaka kwa mwaka, ngozi ya ndani ya kope hufanya makovu. Kovu, kama tujuavyo sote, hujikunja na kuvuta. Kope nayo huvutwa ndani polepole, hata mtu afikiapo miaka 30 au 40 au zaidi, ncha za nywele zake huanza kugusa jicho. Kwa hiyo ugonjwa huu una saa mbili. Saa ya kwanza hupiga utotoni, na hiyo ndiyo saa ya kuambukizwa. Saa ya pili hupiga uzeeni, na hiyo ndiyo saa ya kupofuka. Kati ya hizo mbili hupita karibu maisha ya mtu mzima. Asiyelikumbuka jambo hili hawezi kuifahamu historia tunayoisimulia.

Wala mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wagogo, au wa Waafrika tu. Wamisri wa kale waliujua, na dawa zao za macho zimeandikwa katika mafunjo yao. Askari wa Napoleon walipoingia Misri mwaka 1798, na askari wa Uingereza walipowafuata, wengi walirudi makwao na macho mabovu, na maradhi yakaenea kambini na mijini Ulaya. Kwa ajili ya shida hiyo London ilifungua mwaka 1805 hospitali ya macho ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Moorfields. Na wahamiaji waliokwenda Marekani kwa meli walipinduliwa kope bandarini New York, na aliyeonekana na trakoma aliweza kurudishwa alikotoka.

Kijidudu chenyewe kilionekana mara ya kwanza mwaka 1907, wakati Halberstaedter na von Prowazek walipokuwa wakichunguza katika kisiwa cha Java. Kukiotesha hakukuwezekana mpaka miaka ya 1950, kazi iliyofanywa na daktari Mchina, Tang Feifan, huko Beijing. Sasa angalieni jambo la ajabu. Kabla ya miaka hiyo, na kabla ya dawa zenye nguvu kupatikana, trakoma ilikuwa imekwisha kupungua sana katika miji ya Ulaya ya magharibi. Nani aliifukuza? Hapana daktari mmoja awezaye kujisifu. Nyumba zilipanuliwa, maji yakaletwa kwa mabomba, vyoo vikajengwa, watoto wakalala wachache kitandani, na ugonjwa ukaondoka kama mgeni asiyepewa kiti.

Tukumbuke hayo, tukarudi kwetu Ugogo. Nchi yetu ni ya uwanda wa juu, kavu, yenye miiba na mibuyu. Mvua ni ya majira mamoja tu, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima hukadiriwa kuwa kama milimita 500 au 600, tena si kila mwaka. Miezi iliyobaki mito ni mchanga mtupu. Wanawake huchimba mashimo katika mchanga huo, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata kidogo kidogo. Kiangazi kikizidi, shimo huenda chini na safari huwa ndefu. Maji yaliyopatikana hivyo yana hesabu: ya kupikia ugali, ya kunywa watu, ya ndama na mbuzi wadogo. Uso wa mtoto ulikuwa wa mwisho katika hesabu hiyo, na mara nyingi haukufikiwa.

Nyumba zetu za zamani zilikuwa tembe, zenye paa la udongo lililo sawa, chumba kirefu na giza, zikizunguka ua wa ng'ombe. Zilikuwa nyumba za busara kwa nchi ya jua kali na baridi ya usiku, tena zilizuia simba na wezi. Hatuwalaumu baba zetu. Lakini ndani yake watu walilala wengi pamoja, moshi ukawa mwingi, na inzi wa zizini hawakuwa na safari kufika jikoni. Haja nayo ilifanywa porini, na inzi apendaye uso wa mtoto ndiye yule yule azaaye katika kinyesi cha watu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Hivyo kila kitu ambacho kijidudu cha vikope hukihitaji kilikuwapo.

Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walifungua kituo chao Mpwapwa mwaka 1878, kando ya njia kuu ya misafara iendayo Unyamwezi, na miongoni mwao alikuwako daktari, E. J. Baxter. Mvumi ilifunguliwa mwaka 1900. Reli ya Wadachi ikafika Dodoma mwaka 1910. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, na njaa kubwa ya Mtunya iliyowaua Wagogo wengi kati ya mwaka 1918 na 1920, kazi ilianzwa upya. Na mwaka 1927 dayosisi ya Tanganyika ya Kati iliundwa chini ya Askofu George Chambers, kwa msaada wa Wakristo wa Australia. Hospitali na zahanati za Kanisa zikapokea wagonjwa wa kila namna, na wenye macho mabovu walikuwamo.

Lakini dawa ya siku hizo ilikuwa kali na dhaifu pamoja. Duniani kote waganga wa macho walipindua kope na kuzisugua kwa kijiwe cha mrututu, jambo lililoumiza sana na kuponya kidogo. Mtoto aliyetibiwa leo alirudi nyumbani kwa inzi wale wale na ngozi ile ile ya kulalia. Mwaka 1950 Kanisa lilifungua shule ya vipofu huko Buigiri, mashariki ya Dodoma, ambako watoto wasioona walifundishwa kusoma kwa vidole. Ilikuwa shule ya kwanza ya namna hiyo katika Tanganyika. Ilikuwa kazi njema ya rehema, nayo ilionyesha kwamba upofu ulikuwa umejulikana kuwa mzigo wa nchi. Lakini kuwafundisha vipofu ni jambo moja, na kuzuia upofu ni jambo lingine.

Kongwa ilijulikana duniani kwanza kwa ajili ya karanga. Tangu mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta na watu wengi ili kulima mashamba makubwa, na mwaka 1951 mpango huo uliachwa, maana udongo ulikuwa mgumu na mvua haikutosha. Miaka zaidi ya 30 baadaye jina la Kongwa likasikika tena katika nchi za mbali, safari hii kwa ajili ya macho ya watoto wake.

Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, miongoni mwao Sheila West na Hugh Taylor, walikuja kufanya kazi pamoja na wataalamu wa Tanzania, kama B. B. O. Mmbaga, katika vijiji vya Kongwa, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa njia nyepesi ya kuutambua ugonjwa kwa dalili 5, ili hata muuguzi mwenye kioo cha kukuzia aweze kuhesabu bila kukosea. Hesabu hiyo ilisikitisha. Katika watoto wasiofikia umri wa shule, kiasi cha 6 kati ya kila 10 walikuwa na ugonjwa. Na katika wanawake wazee, wenye miaka zaidi ya 55, karibu 8 kati ya kila 100 walikwisha kuingiwa na kope machoni.

Tazameni hapo zile saa mbili zikipiga pamoja. Watoto ndio wenye kijidudu. Wanawake ndio wenye makovu. Kwa nini wanawake kuliko wanaume? Si kwa sababu ya maumbile yao. Wachunguzi waliwapima wanawake wa Kongwa, wakaona kwamba wale wanaolea watoto wadogo ndio walio na ugonjwa zaidi. Mvulana akikua huondoka kwenda kuchunga, akawaacha wadogo zake na inzi wao. Msichana hubaki akimbeba mdogo wake mgongoni, kisha huwabeba wanawe, kisha wajukuu. Maisha yake yote uso wa mtoto u karibu na uso wake. Katika nchi nyingi zilizohesabiwa, wanawake wenye kope za ndani ni karibu mara 2 ya wanaume. Twaweza kusema kwa haki kwamba mama hupofuka kwa sababu ya kupenda na kulea.

Kisha wakauliza habari za maji. Wengi walitazamia jibu jepesi: penye maji pana afya, pasipo maji pana vikope. Jibu halikuwa jepesi hivyo. Taarifa ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba nyumba zilizo mbali na maji zilikuwa na ugonjwa zaidi, ndiyo. Lakini kiasi cha maji yaliyoletwa nyumbani kwa siku hakikuonyesha tofauti. Nyumba moja huleta ndoo nyingi, na watoto wake wana tongo. Nyumba nyingine huleta ndoo chache, na watoto wake ni safi. Kumbe swali si maji mangapi yameingia mlangoni tu, bali ni nani ameamua yatumike kwa kazi gani.

Wakakaa na wanakijiji, wakasikiliza. Ikaonekana kwamba watu wengi walidhani kumnawisha mtoto uso kwataka maji mengi. Mama alihesabu umbali wa kisima na wingi wa watoto wake, akaona haiwezekani. Na macho yenye tongo yalionekana kuwa hali ya watoto wote, kama vile meno ya kwanza kung'oka. Ndipo yalipofanywa majaribio mbele ya watu, wakaona kwa macho yao kwamba maji machache, yakimiminwa kwa uangalifu mkononi, yatosha nyuso za watoto wengi. Tena wakaona kwamba haifai kusema na akina mama peke yao, maana matumizi ya maji na ya saa za kazi ni shauri la nyumba nzima, na baba ana neno katika shauri hilo. Mwanamume asiyeona faida ya uso safi aweza kumwita mkewe mpotevu wa maji. Mwanamume aliyeelewa atakuwa wa kwanza kuuliza: mbona mtoto huyu hajanawa?

Baada ya hayo likafanywa jaribio kubwa katika vijiji 6 vya Kongwa. Katika vijiji vyote watoto walipakwa marhamu ya tetrasaiklini machoni kila siku kwa siku 30. Katika vijiji 3, vilivyochaguliwa kwa bahati, likaongezwa fundisho la kunawisha nyuso, si kwa amri bali kwa mazungumzo na mashauri ya wenyeji wenyewe. Mwaka ulipopita, watoto wa vijiji hivyo 3 walionekana na nyuso safi zaidi, na ugonjwa ule mkali, wenye kuleta makovu, ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganishwa na vijiji vingine. Ugonjwa mwepesi haukutofautiana sana. Habari hizi zilitangazwa mwaka 1995, na tangu hapo zimetajwa mara nyingi duniani pasemwapo maneno ya vikope. Twaona fahari kwamba jambo hilo lilithibitishwa kwa mikono ya akina mama wa Ugogo.

Miaka hiyo hiyo dawa mpya ikapatikana, iitwayo azithromaisini. Marhamu yalitaka kupakwa siku nyingi, na mtoto hulia na kukimbia. Dawa hii humezwa mara moja tu. Mwaka 1998 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimu kuuondoa upofu wa vikope duniani kabla ya mwaka 2020, na kampuni ya Pfizer ikaanza kuitoa dawa bure. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 5 za kwanza kuipokea, pamoja na Morocco, Ghana, Mali na Vietnam. Watu wazima walipewa vidonge. Watoto walipimwa urefu kwa kijiti chenye alama, wakapewa kadiri ya kimo chao. Na watoto wachanga wasiofikia miezi 6 walipewa marhamu.

Hapo tena historia ikatufundisha. Katika wilaya ya Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kijiji cha Kahe Mpya kilikuwa na watu 978, na 956 kati yao wakaimeza dawa mwaka 2000. Kabla ya siku hiyo watu 9 au 10 katika kila 100 walikuwa na kijidudu. Baada ya miaka 2, huku wachache walioonekana na dalili wakipewa marhamu, alibaki kama mtu 1 katika kila 1,000. Wengi wakadhani kazi imekwisha kwa kidonge kimoja. Lakini katika kijiji cha Kongwa, ambako zaidi ya nusu ya watu walikuwa nacho, kijidudu kilipungua sana mwanzoni, kisha kikaanza kurudi kabla miaka 2 haijatimia. Wachunguzi walipopiga hesabu wakaona kwamba vijiji vyenye ugonjwa mwingi kama vile vya kwetu vyaweza kuhitaji dawa kila mwaka kwa zaidi ya miaka 7.

Kwa nini Rombo hivi na Kongwa vile? Dawa ni ile ile. Lakini moto uliobaki makaa mawili huzimwa kwa kata moja ya maji, na moto ulioshika nyika hauzimwi hivyo. Tena dawa huua kijidudu kilichomo leo. Haimzuii kilichomo kwa jirani asije kesho. Mtu mmoja aliyekosa kumeza, mgeni mmoja aliyefika baada ya ugawaji, watoto wawili walalao pamoja bila kunawa, hao watosha kuanzisha safari upya. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilifundisha mambo 4 yaende pamoja: kupasua kope zilizoingia, kugawa dawa, kunawisha nyuso, na kutengeneza mazingira kwa maji na vyoo. Mwenye kuchukua moja na kuacha matatu hufunga mlango mmoja katika nyumba yenye milango minne.

Tena upo ushuhuda wa upande wa pili. Katika Gambia, kijiji cha Marakissa kilichunguzwa mwaka 1959, na karibu theluthi mbili za watoto wasiofikia miaka 10 walikuwa na vikope. Kilipochunguzwa tena mwaka 1996, hawakufikia mtoto 1 kati ya 20. Hakukuwa na kampeni ya dawa ya vikope katika kijiji hicho. Palikuja visima, shule, zahanati na njia, na maisha yakabadilika. Ndiyo habari ile ile ya Ulaya tuliyoitaja, ila safari hii ilitokea Afrika, nasi hatuwezi kusema ni ya watu wengine.

Basi hali imebadilikaje kwetu? Mtu aliyezaliwa Ugogo kabla ya vita ya pili alikuwa na ugonjwa huu machoni utotoni kama jambo la kawaida. Watoto wa miaka ya 1980 nao, kama tulivyoona, wengi walikuwa nao. Wajukuu wao wengi hawaujui. Wilaya nyingi za Tanzania zimefikia kipimo kilichowekwa, yaani chini ya watoto 5 wenye dalili kati ya kila 100 wenye umri wa mwaka 1 mpaka 9, na ugawaji wa dawa kwa watu wote umekoma huko. Kongwa ilihitaji miaka mingi kuliko ilivyotazamiwa, na katika nchi za wafugaji wa kaskazini, kama Ngorongoro na Longido, ambako maji ni mbali na watu huhamahama, ugonjwa umekuwa mgumu zaidi kuondoka. Mwaka 2020 ulipita, na dunia ikaweka kikomo kipya cha mwaka 2030. Ghana ilitangazwa kuwa imeushinda mwaka 2018, na jirani zetu wa Malawi mwaka 2022. Sisi tumo njiani.

Lakini msisahau saa ya pili. Makovu hayajui kwamba kijidudu kimekwisha. Mwanamke aliyekuwa mtoto wa miaka 4 mwaka 1986, na macho yake yakaambukizwa tena na tena, leo ni mama wa makamo, na kope zake huenda ndizo kwanza zinaanza kuingia. Kwa hiyo yawezekana kijiji kisiwe na mtoto hata mmoja mwenye tongo, na bado upofu wa vikope ukaendelea kuja nyumba kwa nyumba kwa miaka 30 na zaidi. Wale bibi wenye vibano ni deni la maji yaliyokosekana zamani, nalo deni hilo laendelea kulipwa na walio wanyonge kuliko wote.

Tena wengi wa hao hawaendi hospitali. Wengine husema ni uzee. Wengine waogopa kisu. Wengine hawana wa kuwapeleka, au wameona aibu kuwaomba watoto wao nauli. Yatupasa kuwaambia kweli. Upasuaji wa kope huchukua chini ya saa moja. Kope hutiwa ganzi kwanza. Na muuguzi aliyefundishwa aweza kuufanya hata katika zahanati. Kope hugeuzwa zikatazama nje kama Mungu alivyoziumba, na ingawa kwa wengine huweza kurudi ndani baada ya muda na kutaka kutengenezwa tena, wengi hupumzika maumivu ya miaka. Lakini upasuaji haurudishi nuru iliyokwisha kupotea katika kioo cha jicho. Huhifadhi ile iliyobaki. Kwa hiyo kuchelewa ni hasara isiyolipika.

Sisi Wakristo twaikumbuka habari ya yule aliyezaliwa kipofu. Bwana wetu aliweza kumponya kwa neno tu. Lakini alimtuma kwenye birika ya Siloamu akanawe uso, na kuona kwake kulipatikana katika kunawa kule. Hatutaki kuyageuza maandiko kuwa kitabu cha uganga. Lakini twaona kwamba Bwana hakuyadharau maji, wala hakudharau kazi ndogo ya mtu kuinama na kuuosha uso wake.

Basi, ndugu zetu waalimu, watazameni watoto asubuhi kabla ya kuwafundisha herufi, na pawepo chupa ya maji mlangoni pa shule. Wazee wa Kanisa na wa kijiji, chimbeni vyoo na tunzeni visima, msiwaachie wanawake shauri la maji peke yao. Akina baba, msihesabu kuwa hasara kata moja iliyomwagika juu ya uso wa mtoto. Nanyi wajukuu mnaoitwa jioni kushika kibano, msichoke kumsaidia bibi. Lakini mkimaliza, mwulizeni kama amekwenda zahanati, na kama hajakwenda, mwondokeni naye kesho kungali mapema.